GASKETI YA KICHWA CHA MOTERE: KWA NINI GARI YETU ILILALA SIKU 23



Wengi wameuliza kwa nini gari ya shule ililala chini ya mti siku 23, motere wazi, imefunikwa na shiti. Sisi wanne tuliomsaidia fundi tumeombwa kueleza. Tutaeleza kazi yenyewe, na mwishoni tutasema neno moja lisilotupendeza hata sisi.

Gari yetu ni Land Rover Series III. Za namna hiyo zilitengenezwa Uingereza tangu 1971 mpaka 1985, basi inawapita umri walimu wengi. Motere yake ni ya esansi, silinda 4, sentimeta kubi 2,286.

Gasketi ni nini? Motere ina vyuma viwili vikubwa. Cha chini ni bloki, ambamo pistoni zinapanda na kushuka. Cha juu ni kichwa, chenye valvu na buji. Mafundi wa Bukavu wanakiita culasse, na wadogo wetu wa mwaka wa kwanza waliposikia walifikiri tunafungua kilasi mpya! Kati ya vyuma hivyo kunalala kitu chembamba, kipana, chenye matundu mengi: hiyo ndiyo gasketi. Inatenganisha vitu vitatu visivyopatana, ni kusema moto wa silinda, maji ya kupoza, na oili. Ikiungua hata padogo, moto unaingia katika maji, ao maji yanaingia katika oili.

Yetu iliunguaje? Siku ile gari ilitoka Kamanyola na mifuko ya mchele wa bonde la Ruzizi. Anayejua mpando wa Ngomo anajua: mzigo ni mwingi, mwendo ni wa polepole, na upepo unaoingia katika radiatere ni kidogo. Tena tukumbuke somo la fizika. Kando ya bahari maji yanachemka kwa digri 100, lakini huku kwetu, karibu metre 1,500 juu ya bahari, yanachemka kwa digri 95 hivi. Kifuniko cha radiatere kina springi inayobana maji ili yachelewe kuchemka. Lakini tiyo ya mpira ikipasuka, maji yanapotea na msaada wa kile kifuniko unakwisha. Mshale ukaingia katika alama nyekundu. Shofere akasema: "Tufike tu Nyangezi, njo tutasimama." Walipofika, mvuke ulikuwa unatoka kama chungu cha maharagi. Mutu mmoja akamwaga maji baridi palepale. Hilo ni kosa la pili, kwa maana chuma chenye moto mwingi kikipata baridi ghafula kinaweza kupasuka.

Kesho yake alama zilionekana: povu likipanda katika radiatere, moshi mweupe nyuma, na oili yenye rangi ya chai ya maziwa. Fundi alitazama kile kijiti cha oili, akasema: "Tufungue."

Motere ikiwa baridi kabisa, tuliondoa waya wa bateri, tukamwaga maji, tukafungua kabureta na vile vyuma vinavyosukuma valvu. Vijiti 8 vya valvu tulivichomeka katika katoni yenye matundu 8 yenye namba, maana kila kimoja kinapaswa kurudi mahali pake. Bulon tulizilegeza kidogo kidogo, si moja mpaka mwisho halafu nyingine, ili kichwa kisipinde. Kisha watu wawili wakakiinua. Ni kizito kweli. Gasketi ilikuwa imeungua kati ya silinda ya 2 na ya 3, pana kama ukucha.

Hapo kazi ya uvumilivu ilianza. Tulisugua vyuma siku mbili nzima, silinda zikiwa zimezibwa na vitambaa. Matundu ya bulon tuliyakausha, kwa sababu maji yakibaki chini, bulon ikikazwa inaweza kupasua bloki. Fundi akalaza rula ya chuma juu ya kichwa, akajaribu kupitisha kijani cha unene wa milimeta 0.1. Kilipita katikati. Kichwa kilikuwa kimepinda! Kikaenda mjini kusawazishwa kwa mashini. Njo maana siku zikawa nyingi, pamoja na kungojea gasketi mpya. Ya zamani hairudishwi hata ikionekana nzima, kwani imekwisha kubanwa.

Kukaza ndiko kuliko na hesabu. Unaanza katikati, unakwenda nje, upande huu na upande ule, kwa mizunguko mitatu. Kitabu cha gari kinataka bulon kubwa zikazwe kwa nguvu ya kilo 9 kwenye mkono wa metre 1, na zile ndogo kilo 2.5. Ufunguo wa kupimia nguvu hatukuwa nao. Mwenzetu akasema: kwenye mkono wa nusu metre ni kilo 18, tutundike bidon ya maji! Fundi akacheka. Bulon zinasimama wima, ufunguo unazunguka kama mlango. Bidon ingevuta chini tu, isingezungusha kitu. Basi tuliazima mizani ya ndoano ya kupimia nyama, tukaifunga kwenye ncha ya bomba la nusu metre, tukaivuta kwa ubavu mpaka ikasoma 18. Fizika ilitusaidia kuliko katika mtihani.

Mwishoni valvu zilipewa nafasi ya milimeta 0.25, oili ikabadilishwa yote, tiyo mpya ikafungwa. Motere iliwaka mara ya tatu. Baadaye fundi alipima bulon tena.

Sasa lile neno. Usiku wa siku ya 11 mwenzetu mmoja wa internati alishikwa na tumbo, akapelekwa hospitali kwa pikipiki, katika mvua, akishikwa na mlinzi nyuma. Alipona. Lakini wengi walimlaumu shofere. Ni kweli, angesimama Ngomo na kuzima motere. Lakini ile tiyo ilikuwa inatoa machozi tangu majuma matatu. Nani anaosha gari kila Posho? Ni sisi. Tuliona maji chini, tukaongeza bakuli moja, tukanyamaza.

Gasketi haifi yenyewe. Kuna kitu kinachoiua. Ukibadilisha gasketi bila kutafuta kitu hicho, utaibadilisha tena. Basi tangu sasa kuna daftari ndani ya gari. Mutu yeyote akiona tone, aandike, hata kama ni wa mwaka wa kwanza.