Derby Dar es Salaam, taarab Unguja

Anayetoka Ngara hadi Dar es Salaam kutazama Simba na Yanga, kisha akageuza siku ya pili, amelipa nauli kamili kwa nusu ya safari. Ng'ambo ya maji kuna taarab, muziki ambao utamkamilishia jambo lile lile alilolifuata uwanjani.

Mimi ni mfanyabiashara wa maharage. Nayanunua hapa Bugarama na vijiji vya jirani, nayapeleka Kahama, na msimu ukiwa mzuri natenga fedha ya safari hii. Mume wangu huniuliza kibanda umiza kina kasoro gani. Hakina. Ila runinga inakuonyesha pale mpira ulipo tu. Uwanjani unamwona beki akimpanga mwenzake wakati mpira uko upande wa pili, na unasikia maelfu ya watu wakinyamaza ghafla kabla ya penalti.

Njia ni ile ya malori: Nyakanazi, Kahama, Nzega, Singida. Tangu 2024 nashukia Dodoma na kumalizia kwa treni ya umeme. Tiketi ya mechi inunue mapema, na uulize kama itaingizwa kwenye N-Card, kadi ile ile inayotumika kwenye kivuko cha Kigamboni. Siku ya mechi si siku ya kuanza kuitafuta. Uwanja wa Benjamin Mkapa, ulioko Temeke, unachukua watu 60,000. Wa kipato changu tunakaa mzunguko, na siwezi kubadilishana na mtu, maana nyimbo, matarumbeta na utani vinaanzia huko. Yanga ilianzishwa 1935, Simba 1936, hivyo utani huo umerithiwa kwa mababu. Mimi ni Mwananchi, yaani wa Yanga, lakini nimewahi kukaa karibu na baba mmoja wa Msimbazi, yaani wa Simba, aliyenigawia karanga zake mpaka kipenga cha mwisho. Alikuwa amefungwa.

Kesho yake asubuhi, boti. Baada ya saa mbili hivi uko Malindi, Unguja, na kitambulisho chako mkononi.

Wazee wa huko husimulia kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim aende Cairo kujifunza kupiga kanuni, ala ya nyuzi. Kikundi cha taarab cha Nadi Ikhwan Safaa kikaundwa 1905, na bado kipo. Siti binti Saad, mtoto wa kijijini aliyewahi kuuza vyungu, akautia muziki huo Kiswahili cha watu wa kawaida, na 1928 akaenda Bombay kurekodi sahani za santuri. Hapo mimi husimama kidogo. Mwanamke aliyekuwa akitembeza bidhaa njiani, na sauti yake ikavuka bahari.

Cairo hiyo hiyo, tarehe 24 Desemba 1871, ndiko ilikoonyeshwa opera ya Aida kwa mara ya kwanza, kazi ya Mwitalia Giuseppe Verdi. Opera ni mchezo wa kuigiza ambao karibu maneno yote huimbwa, na okestra ikiwa mbele ya jukwaa. Waitalia nao hawaitengi opera na mpira: klabu ya Parma ilipoundwa 1913, miaka 100 tangu Verdi azaliwe, jina lake la kwanza lilikuwa Verdi Foot Ball Club. Na mashabiki wa viti vya juu kabisa katika jumba la La Scala, Milano, hawana huruma. Desemba 2006 walimzomea mwimbaji Roberto Alagna katikati ya Aida mpaka akaondoka jukwaani. Nilipolisoma hilo niliwatambua: hao ni watu wa mzunguko.

Kwenye taarab hakuna kuzomea. Kuna kutunza. Wimbo ukikugusa unanyanyuka, unakwenda mbele kwa mwendo wa madaha, unamkabidhi mwimbaji noti. Ukinyanyuka kwenye ubeti unaomsema msengenyaji, ukumbi mzima utageuka kutafuta umemlenga nani. Mara ya kwanza nilisitasita, bibi mmoja aliyekaa kando yangu akaniambia, "Nenda mwanangu, usimtupie, mpe mkononi." Nikaenda, fidla zikiwa nyuma ya mwimbaji na akodiani ikivuta pumzi ndefu, nikajua kwamba nami niko ndani ya wimbo, kama nilivyokuwa ndani ya mechi.

Maonyesho hayapo kila usiku. Nafasi nzuri ni sikukuu za Idi, harusi ukipata mwenyeji wa kukualika, na Februari, wakati wa tamasha la Sauti za Busara. Nyakati nyingine ulizia kwenye vikundi vyenyewe, Ikhwan Safaa au Culture Musical Club ya tangu 1958, lini watapiga. Ukibahatika utaruhusiwa kusikiliza hata mazoezi. Vaa kwa heshima, na uwe na noti ndogondogo. Mechi ikiwa Jumamosi, usikate tiketi ya kurudi kabla ya Jumanne.