Parseli Imegeuka Pori: Weka Kiberiti Kando, Chukua Fimbo



Mwezi wa nane, kiangazi kikikaribia kwisha, mama mmoja mjane wa kooperative yetu katika teritware ya Kalehe alinipigia simu. "Agronomu, njoo tu uone. Hii haiko tena parseli, iko pori."

Nilimkuta na vijana wake wawili. Walikuwa wamekimbia vita, wakapanga nyumba Bukavu kwa miaka kadhaa, na sasa wanarudi kujenga nyumba ya mbao pale pale kwao. Parseli yenyewe ni ndogo, kama mita 20 kwa 30, na iko kwenye mteremko. Matete yalipita urefu wa mtu. Chini yake kulikuwa na tithonia, lantana na migomba ya zamani iliyosongwa na majani. Kijana mkubwa alikuwa na panga, mdogo alikuwa na kiberiti.

"Tuchome leo, kesho tusafishe, wiki ijayo mafundi waingie," mama alisema. "Kila mwezi tunaochelewa, mwenye nyumba wa Bukavu anataka pesa yake."

Nilimwelewa. Lakini nilimwomba anipe siku nne. Nilimwambia pia kwa nini, na nanyi nitawaambia.

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi, nikiwa nimetoka tu kwenye chuo cha agronomia, niliruhusu familia moja ichome parseli yao ya mteremko. Ilikuwa rahisi, siku moja kazi imekwisha. Mwezi wa tisa mvua ya pili ilipopiga, udongo ule uliobaki uchi ulishuka wote hadi jikoni kwa jirani wa chini. Yule mama jirani hakunitukana. Alinionyesha tu sufuria yake ya maharagi, imejaa tope. Tangu siku hiyo siruhusu tena kiberiti.

Moto unaharibu nini

Wengi wanasema majivu ni mbolea. Ni kweli kidogo, lakini kwenye mteremko majivu yanaondoka na mvua za kwanza. Azoti iliyokuwa ndani ya majani inapotea pamoja na moshi. Nyasi mbaya kama imperata mizizi yake iko chini ya udongo, moto haiifikii, kwa hiyo ndiyo inarudi ya kwanza. Na pale ambapo vita vilipita, hamjui ni nini kimelala ndani ya majani. Risasi au bomu likipata moto linaweza kulipuka.

Kubwa kuliko yote, moto unavua udongo nguo yake. Sisi wa Kalehe hatuhitaji kufundishwa maji ya mlimani yanaweza kufanya nini. Tarehe 4 mwezi wa 5 mwaka 2023, mafuriko ya Bushushu na Nyamukubi yaliua watu zaidi ya 400. Mvua ile ilikuwa kubwa mno, na siwezi kusema nyasi za parseli zingeizuia. Lakini mvua ndogo za kila mwaka, zile zinazotuibia udongo kidogo kidogo, hizo tunaweza kuzizuia.

Kwanza majirani, kisha panga

Kwetu, mtu anayefyeka anaonyesha kwamba mahali ni pake. Ndiyo maana kufyeka kimya kimya baada ya kukaa mbali miaka mingi kunaleta kesi. Mita moja tu ya mpaka inaweza kugombanisha watoto na wajukuu.

Kabla ya kukata hata jani moja, mama aliwaita jirani wa juu, jirani wa chini, jirani wa kando na chefu wa kijiji. Walitembea pamoja wakitafuta alama za zamani: mti wa dracaena, jiwe lililozikwa, mstari wa euphorbia. Dracaena mbili zilipatikana ndani ya matete. Vijana wangechoma, zingeungua nazo. Walipokubaliana, tuliandika karatasi na kila mmoja akatia sahihi. Miti ya mpaka haikatwi. Pale ambapo mnapunguza euphorbia, jihadharini na maziwa yake: yakiingia jichoni, osheni mara moja kwa maji mengi safi na mwende kituo cha afya.

Tembea na fimbo

Siku ya kwanza hatukulima. Lakini kabla ya kuingia, tuliuliza majirani na chefu kama kuna silaha zilizowahi kuonekana hapo. Kama jibu ni ndiyo, au kama hakuna anayejua, musiingie: ombeni kwanza wenye kazi ya kuondoa mabomu. Hapa majirani walikuwa wamebaki na walipajua vizuri.

Tuliingia tumevaa buti, tukipiga majani kwa fimbo ndefu ili nyoka aondoke. Mkono usiingie pahali ambapo jicho halijafika. Ukiona kitu cha chuma usichokijua, usikiguse, usikipige kwa jembe. Simama, rudi kwa njia ile ile uliyoingilia, weka alama mbali nacho, zuia watoto, na umpashe chefu habari.

Fimbo inatafuta pia mashimo. Penye majani mabichi kupita mengine, fimbo ya kijana mdogo ilizama karibu yote. Ilikuwa choo cha zamani, mbao zake zimeoza. Angekanyaga pale angeingia mzima. Tulizungushia miti, baadaye tukajaza mawe na udongo. Juu ya shimo kama hilo musijenge, maana udongo utaendelea kushuka.

Kata kwa mistari

Usifyeke parseli yote kwa siku moja. Tulifunga miti mitatu kama herufi A, tukaning'iniza jiwe kwa kamba toka juu. Kamba ikisimama katikati ya ule mti wa kulala, miguu miwili iko usawa mmoja. Ukihamisha miguu hatua kwa hatua na kupiga vijiti, unapata mstari unaokata mteremko bila kupanda wala kushuka.

Kwa kila mstari tuliacha ukanda wa nyasi wa upana wa mita moja. Kati ya mikanda ndipo tulifyeka. Pahali penye mteremko mkali, mikanda inakaribiana zaidi. Majani yaliyokatwa tuliyalaza juu ya ukanda, hatukuyatupa bondeni. Maji yakishuka yanakuta ukuta, yanapunguza mwendo na kuacha udongo wake pale. Baadaye ukanda huo unaweza kupandwa tripsakumu au setaria, na mbuzi wapate chakula.

Kila jani na kazi yake

*Tithonia*, ile yenye maua ya manjano, ni mali. Majani yake yakikauka yana karibu 3.5% ya azoti na 4% ya potasi. Kata majani na ncha laini, changanya na udongo wa bustani wiki moja kabla ya kupanda. Shina lisiguse udongo wenye maji, litaota tena. Kausha ulitumie jikoni.

*Lantana* ng'oa na mizizi kabla matunda hayajaiva, juu ya ndege wanasambaza mbegu. Mbuzi na ng'ombe wasiile, ni sumu kwao.

*Imperata na digitaria* zichimbwe kwa mkono, mizizi yote itoke. Panga linazikata, halizimalizi. Kipande kidogo cha mzizi kinatosha kuanza upya. Tandaza mizizi juu ya mawe kwenye jua mpaka ivunjike kama kijiti kikavu. Hii ndiyo sababu kiangazi ni wakati mzuri.

*Migomba ya zamani* iangalieni vizuri. Majani yakinyauka na kuwa njano, ndizi zikiiva kabla ya wakati, ukikata ukaona usaha wa manjano, huo ni mnyauko wa bakteria, ugonjwa ulioonekana Masisi tangu 2001. Panga lililokata mgomba mgonjwa linabeba ugonjwa hadi kwa jirani. Lipitishe kwenye moto au lioshe kwa javeli kabla ya kwenda mgomba mwingine. Hapo tu ndipo kiberiti kina kazi.

*Miti ya matunda* usiikate kwa haraka. Chini ya matete tulipata avoka mbili. Moja ilikuwa pale pale nyumba inapotakiwa kusimama. Tulisogeza nyumba mita tatu.

Udongo mweusi usilale chini ya nyumba

Mahali pa nyumba, ondoeni visiki na mizizi yote, maana vikioza sakafu inashuka na mchwa wanakuja. Kisha ondoeni ule udongo mweusi wa juu, kiasi cha sentimita 20, muupeleke bustanini. Udongo huo ni laini, haubebi msingi. Lakini kwa lengalenga na maharagi ndio bora kuliko wote. Mafundi wengi wanaufunika kwa mawe bila kufikiri, na mwenye parseli anakwenda kununua mbolea.

Siku nne

Kazi ilikwisha kwa siku nne, kwa salongo ya wanamemba kumi na wawili. Mama alitoa chakula, na zamu yake ya kusaidia wengine imeandikwa kwenye daftari. Mafundi waliingia wiki iliyofuata, jinsi alivyotaka.

Mvua ya kwanza kubwa ya mwezi wa tisa ilikuja usiku. Asubuhi nilipita pale kabla ya kwenda ofisini. Nyuma ya kila ukanda kulikuwa na udongo umekusanyika, kama upana wa mkono. Niliteremka kwa jirani wa chini, nikamwomba nione jiko lake. Alishangaa. "Unatafuta nini jikoni kwangu, agronomu?"

Nilimwambia sitafuti kitu. Jiko lilikuwa kavu.

Wanamemba walio na parseli za kufungua msimu huu, leteni majina kwenye mkutano ujao ili tupange salongo kabla mvua hazijashika. Na kiberiti mkiache nyumbani.