Omba Usichoweza Kukiona kwenye Viti vya Umma

Katika Uingereza na Wales, kazi ya uwakili imegawanyika pande mbili. Solisita humpokea mteja na kulishika jambo lake tangu mwanzo. Barista huitwa kulitetea shauri mbele ya jaji, au kuandika ushauri pale sheria inapokuwa na utata. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi amezoea wakili mmoja kufanya yote mawili. Mabarista wengi wamejiajiri, wakakusanyika katika chemba ambamo huchangia gharama za jengo na mishahara ya makarani. Mlango wa kuingilia humo ni mwembamba: aliyemaliza shahada na kozi ya ubarista bado anahitaji miezi 12 ya uanagenzi, na nafasi hizo ni 500 hivi kwa mwaka ilhali wanaozitaka ni maelfu. Ndiyo maana wanafunzi hutangulia kuomba nafasi fupi za kumfuata barista kazini, kwa kawaida siku moja hadi tano. Hizo nazo hugombewa, na naamini wengi huzikosa kwa sababu moja inayorekebishika: wanaomba kuonyeshwa kitu ambacho tayari kiko wazi kwa kila mtu.

Barua ya kawaida husema mwombaji ana shauku kubwa ya kuona utetezi mahakamani. Lakini mahakama za huko huendeshwa hadharani, na kanuni hiyo ilithibitishwa na mabwana wa sheria katika shauri la Scott dhidi ya Scott mwaka 1913. Yeyote anaweza kuingia Mahakama ya Crown, akaketi kwenye viti vya umma na kusikiliza maswali ya dodoso asubuhi nzima bila kulipa chochote. Mahakama ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2009, hurusha mashauri yake mtandaoni, na tangu 2022 Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka huchapisha hukumu bure. Barista anayesoma maombi usiku, baada ya kuandaa kesi ya kesho yake, lazima atajiuliza: kama shauku hii ni ya kweli, mbona mwenye nayo hajaenda? Aliyekwenda huonekana kwa maswali yake. Anaweza kuandika kwamba alimwona wakili wa utetezi akimwacha shahidi muhimu ashuke kizimbani baada ya maswali mawili tu, na kwamba angependa kujua uamuzi wa namna hiyo hufikiwaje wakati wa maandalizi. Sentensi hiyo moja inaonyesha usikivu, subira na akili ya kisheria, wala haikuhitaji sifa yoyote kutajwa.

Hapo ndipo thamani halisi ya nafasi hizi ilipo. Usichoweza kukiona ukiwa umeketi nyuma ya ukumbi ni mazungumzo na mteja kabla ya kesi, pengine katika vyumba vya mahabusu chini ya mahakama. Majadiliano ya mawakili kwenye korido, ambayo mara nyingine humaliza shauri kabla jaji hajaketi. Na muhtasari wa hoja unaofutwa na kuandikwa upya. Mashauri mengi ya familia husikilizwa faragha, kwa hiyo mtazamaji wa kawaida hayafikii kabisa. Katika chemba za kodi au za biashara, barista anaweza kukaa wiki kadhaa na majalada bila kusimama mbele ya jaji. Mwombaji anayelijua hili hawezi kutuma barua ileile kila mahali, kwa sababu kila chemba ina jambo lake lililofichika, na hilo ndilo analoliomba.

Wapo watakaosema kwamba hesabu ni hesabu: tuma barua thelathini, mbili zitajibiwa. Sikubaliani. Barua ambayo kilichobadilika ndani yake ni jina la chemba tu hutambulika upesi, na baadaye, kwenye maombi ya uanagenzi wenyewe, mtu huulizwa alijifunza nini na kwa nini amechagua eneo hilo la sheria. Nafasi mbili au tatu katika maeneo yanayotofautiana, tuseme jinai na biashara, hutoa jibu lenye uzito kuliko orodha ndefu ya majina.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni kwamba milango hii hufunguliwa na ukoo na shule. Utafiti wa shirika la hisani la Sutton Trust wa mwaka 2019 ulionyesha kuwa asilimia 65 ya majaji wa ngazi za juu walisoma shule binafsi, ilhali katika jamii nzima waliosoma huko ni asilimia 7 hivi. Barua nzuri haiwezi kufuta pengo hilo, wala hailipi nauli ya kwenda London. Nashikilia kwamba kila chemba ingepaswa kutangaza waziwazi kama inarudisha gharama za safari, jambo ambalo baadhi hulifanya. Inner Temple, mojawapo ya vyama vya mabarista, ina mpango wa kuwatafutia nafasi wanafunzi wa makundi yasiyowakilishwa vya kutosha, na zipo chemba Manchester, Leeds, Birmingham na Cardiff. Tena ushahidi wa bure wa viti vya umma niliouelezea ndio pekee ambao mtoto asiye na mjomba mwanasheria anaweza kuukusanya sawasawa na mwingine. Naye kijana wa familia ya Kiswahili huko Uingereza, aliyekuwa akimtafsiria mama yake hospitalini na kwenye ofisi za serikali, asilifiche hilo: amebeba maneno ya mtu mwingine mbele ya wenye mamlaka bila kuyapotosha, na hiyo ni sehemu kubwa ya kazi ya barista.

Akishapata nafasi ya kwanza, aandike kila jioni alichojifunza, kwani chemba ya pili itamuuliza. Hapo tahadhari inahitajika, kwa sababu mambo ya mteja ni siri na mgeni wa siku tatu anafungwa na siri hiyo kama wenyeji wake. Aeleze jinsi maswali yalivyopangwa na kwa nini hoja fulani iliachwa. Jina la mteja, kiasi cha fedha na kilichosemwa chumbani visionekane katika barua yoyote.