Ukizuru Voi, jihadhari na jua, mbu na maji

Wengi hushuka stesheni ya Voi na kwenda moja kwa moja katika Mbuga ya Tsavo Mashariki, iliyotengwa mwaka 1948. Wengine hufuata historia: makaburi ya wanajeshi wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia mjini, au kilima cha Salaita karibu na Taveta, ambako majeshi ya Uingereza yalishindwa na ya Ujerumani Februari 12, 1916. Katika vita hivyo vya Afrika Mashariki, magonjwa yaliua watu wengi kuliko risasi. Mgeni wa leo ana kinga ambazo askari wale hawakuwa nazo, mradi azitumie.

Joto

Mchana joto la Voi aghalabu hupita nyuzi 30. Hewa ni kavu, hivyo jasho hukauka kabla hujalihisi. Unaweza kupoteza maji mengi huku ukidhani hutoki jasho.

Tembea kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Vaa kofia pana na nguo nyepesi. Kunywa maji kidogo kidogo bila kungoja kiu. Mkojo ukiwa wa manjano iliyokolea, hujanywa ya kutosha. Bia haihesabiwi.

Kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kukazana kwa misuli ni onyo. Keti kivulini na unywe maji yenye chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Lakini mtu akianza kupayukapayuka au kuzirai, hiyo ni hatari ya kifo. Mmwagie maji, mpepee, na umkimbize hospitali. Asiye na fahamu asinyweshwe kitu.

Wazee, watoto na wanaotumia dawa za presha zinazoongeza mkojo huathirika upesi. Usiache dawa zako. Muone daktari wako kabla ya safari.

Malaria

Mkazi wa Nairobi hana kinga ya kutosha mwilini dhidi ya malaria. Lala ndani ya neti, vaa mikono mirefu jioni, na muulize daktari kuhusu vidonge vya kujikinga, hasa kama u mjamzito au unasafiri na mtoto. Homa huanza siku saba au zaidi baada ya kuumwa na mbu, wakati umekwisharudi kazini. Usiseme ni mafua tu. Nenda ukapimwe damu, na umwambie daktari ulikotoka.

Ziwani na milimani

Usioge Ziwa Jipe. Mbali na viboko na mamba, vijidudu vya kichocho hupenya ngozi bila kuhisiwa.

Ukipanda Vuria, kilele cha Milima ya Taita chenye mita 2,208, beba sweta, kwani huko juu kuna baridi na ukungu. Vaa viatu vilivyofunika vifundo. Ukiumwa na nyoka, usichanje, usinyonye sumu wala usifunge kamba. Vua pete na viatu, tuliza kiungo hicho, na uende hospitali mara moja.

Tahadhari kabla ya hatari. Safari njema.