Vigogo wawili, kalamu moja

Wiki iliyopita mshkaji wangu mmoja, mchoraji, aliniita kijiweni anionyeshe katuni ya wagombea wawili wa mtaa wetu. Wa kwanza kamchora anaahidi maji huku bomba limeota kutu. Nikacheka mpaka machozi. Wa pili kamwekea tu chale za kabila lake usoni, ambazo jamaa mwenyewe hata hana. Kicheko kikaniishia.

"Kaa chini," nikamwambia, "nikupe ya Uingereza."

Enzi za Malkia Victoria, London kulikuwa na gazeti la vichekesho likiitwa Punch, lililoanza mwaka 1841. Mchoraji wake mashuhuri alikuwa John Tenniel, aliyeingia pale 1850 na kuacha 1901. Jicho lake moja liliharibika ujanani, lakini lile lililobaki liliwatosha wakubwa!

Vigogo wa siasa wakati huo walikuwa William Gladstone wa chama cha Liberali na Benjamin Disraeli wa Konsavativu. Hawa hawakuiva chungu kimoja. Disraeli alikuwa Waziri Mkuu mara mbili, Gladstone mara nne. Wote waliandika vitabu pia. Basi mwaka 1870 Tenniel akachora kila mmoja anasoma kitabu cha mwenzake, na hakuna anayefurahia anachosoma. Wivu mtupu!

Mwaka 1876 Disraeli alipofanikisha Malkia Victoria kupewa pia taji la India, Tenniel akamchora kama yule mchuuzi wa hadithi ya Alaudini, anambadilishia bi mkubwa taji jipya kwa la zamani. Kijembe cha nguvu hicho.

Ila kuna jambo, msomaji wangu. Disraeli alizaliwa katika familia ya Kiyahudi, ingawa alibatizwa akiwa na miaka 12. Wachoraji wa zama zile waliivuta pua yake na kumvika mavazi ya Mashariki, kana kwamba si Mwingereza. Gladstone yeye walipenda kumpa shoka, kwa sababu kweli alikuwa na mazoea ya kukata miti. Umeona tofauti? Mmoja alichekwa kwa alichofanya, mwenzake alichekwa hata kwa alivyozaliwa.

Na hasira za wakubwa je? Mwaka 1893, Gladstone akiwa Waziri Mkuu, Tenniel alitunukiwa cheo cha Sir. Aliyechorwa miaka nenda rudi hakumtia mchoraji ndani. Mkubwa akichekwa kwa kazi yake, anaweza kuvumilia. Lakini ukimcheka mtu kwa kabila lake, umewacheka na mama yake, na bibi yake, na jirani asiyegombea chochote.

Mshkaji akanuna kidogo, kisha akachukua raba. Juzi kaniletea nyingine: yule wa pili kasinzia katikati ya mkutano wa mtaa, mdomo wazi. Hilo alilifanya kweli, hata mimi nilikuwepo.

Safari hii nikawacheka wote wawili.