Maji Hufuata Mwezi, Upepo Hufuata Jua: Elimu ya Bahari katika Msamiati wa Kiswahili

Mwanafunzi wa darasa la nne anapoandika katika daftari lake kwamba Ethiopia iko kaskazini ya Kenya, aghalabu hajui kwamba ameutaja upepo. Kaskazi ni upepo uvumao kutoka pande za Uarabuni na Bara Hindi, tangu Desemba hivi hadi Machi. Kusi ni upepo wa upande wa pili, nao hushika zamu yake tangu Aprili hadi Septemba hivi. Mwenyeji wa pwani alipohitaji jina la upande, aliyachukua majina ya pepo hizo mbili akayatia kiambishi cha mahali, -ni: mahali pa kaskazi, mahali pa kusi. Mashariki na magharibi ni maneno yenye asili ya Kiarabu, nayo yanahusu jua lichomozapo na lituapo. Kwa hiyo dira ya Kiswahili, ambayo leo hufundishwa Kakamega na Garissa kama ifundishwavyo Lamu, ni dira ya mtu anayeitazama bahari.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba msamiati wa bahari si fungu la majina tu. Ni elimu iliyopangwa, yenye kanuni zake, vipimo vyake na hata njia ya kurekebisha makosa yake. Shule inayoyapokea maneno hayo bila ya elimu iliyomo ndani yake imechukua ganda na kuacha kiini.

Yafaa kuanza na maji. Neno pwani lenyewe limetokana na kitenzi kupwa: ni mahali ambapo maji hupwa, yaani hutoka na kuiacha ardhi wazi. Katika lugha hii, basi, ukingo wa bahari umetajwa kwa mwendo wa maji, wala si kwa mchanga wala kwa mawimbi. Kila siku maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, lakini hayajai kwa kadiri moja. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Hiyo ndiyo bamvua. Mwezi unapokuwa nusu, maji hayapandi sana wala hayashuki sana, na mikondo hupungua nguvu. Hayo ndiyo maji mafu. Sayansi ya shuleni hueleza jambo hilo hilo kwa kuchora jua, dunia na mwezi vikiwa katika mstari mmoja wakati wa bamvua, na vikiwa katika pembe ya mraba wakati wa maji mafu. Michoro hiyo ni sahihi. Ila mchoro peke yake hauwezi kumwambia mtoto wa Gazi au Vanga ni saa ngapi atakapoweza kuvuka hori kwa miguu.

Mvuvi anaweza kumwambia, kwa kuwa anayo hesabu. Katika sehemu za Mombasa, siku za bamvua maji huwa yamepwa kabisa karibu na saa nne asubuhi na saa nne usiku, na kujaa kabisa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Baada ya siku saba zitakuwa zimesogea kwa karibu saa sita, na mambo yatakuwa yamegeuka: yaliyokuwa maji ya kupwa saa nne sasa yatakuwa ya kupwa saa kumi. Kwa hiyo anayejua leo ni tarehe ngapi ya mwezi mwandamo hahitaji jedwali. Tarehe za kwanza za mwezi, na zile za 14 hadi 17, ni bamvua. Tarehe 8 na 22 au karibu nazo ni maji mafu. Kalenda ile ile inayomjulisha mtu siku ya kuanza kufunga humjulisha pia saa ya kushuka mwambani.

Elimu hii si ya wanaume wenye vyombo peke yao. Wanawake wanaokwenda kuchokoa pweza kwa miguu huitumia kwa uangalifu mkubwa zaidi. Pweza hukaa katika mashimo ya mwamba, na mashimo mengine hufunuliwa na bamvua tu. Muda wa kazi ni mfupi, na maji yarudipo hujaza kwanza mifereji iliyo nyuma ya mchokoaji, kabla ya kumfikia pale alipo. Hapo kuijua saa ya maji ni usalama wa maisha.

Msitu wa mikoko nao umepangwa kwa kadiri ya maji. Katika lugha ya shule na ya magazeti, miti yote hiyo huitwa mikoko, basi. Kwa mkata miti wa Lamu au wa Gazi, mkoko ni mti mmoja tu miongoni mwa jamaa yake: kuna mlilana, unaosimama mbele kabisa upande wa bahari, kuna mkoko wenyewe wenye mizizi kama miguu ya kaa, kuna mkandaa, ambao kwa kawaida hukaa nyuma yake, na mchu, ambao aghalabu huonekana kule juu ambako maji hufika kwa shida. Muia na mkomafi nao wana mahali pao. Mtu akiijua miti hiyo kwa majina anaweza kuutazama msitu na kusema bamvua hufika wapi na maji mafu huishia wapi. Huko Gazi, tangu mwaka 2013, wanakijiji wameuhifadhi na kuupanda msitu huo katika mradi wa Mikoko Pamoja, nao hupata fedha kutokana na hewa ya kaboni inayohifadhiwa na miti, fedha ambazo zimesaidia maji na shule. Mche wa mkoko ukipandwa pale panapostahili mchu ni kazi bure, hata kama fedha zake zimetoka mbali.

Hata hivyo mwezi hautoshi. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, na kwa hiyo hupungua siku 11 hivi kila mwaka ukilinganishwa na mwendo wa jua. Ramadhani huzunguka katika masika, kipupwe, vuli na kiangazi. Mtu hawezi kupanda mtama wala kungoja kaskazi kwa kalenda hiyo. Maji hufuata mwezi, lakini upepo hufuata jua. Waswahili walilitambua tatizo hili, na jawabu lao lilikuwa kushika kalenda mbili kwa pamoja.

Kalenda ya pili huanza Siku ya Mwaka, iitwayo pia Nairuzi, neno lenye asili ya Kiajemi lenye maana ya siku mpya. Huko Makunduchi, Unguja, siku hiyo bado huadhimishwa katika mwezi wa Julai kwa jina la Mwaka Kogwa. Wageni huenda kupiga picha za watu wakipigana kwa makuti ya migomba, na za kibanda kikichomwa moto. Wengi huondoka wakidhani wameona ngoma. Walichokiona ni kufunguliwa kwa hesabu. Tangu siku hiyo siku zilihesabiwa kumi kumi, na kila kumi liliitwa mwongo. Miongo 36 ni siku 360, na siku tano zinazobaki hukamilisha mwaka. Nahodha na mkulima waliweza kusema kusi hulegea katika mwongo wa ngapi, au mvua za vuli zitarajiwe katika mwongo gani, bila ya kutaja mwezi wowote.

Neno hili lina historia ya kusikitisha kidogo. Leo magazeti na redio hulitumia mwongo, au muongo, kwa maana ya miaka kumi, na matumizi hayo yamekwisha kubalika. Hakuna ubaya katika neno kupanuka maana. Lakini vijana wengi wa pwani hawaijui kabisa ile maana ya siku kumi. Neno limepanda cheo, na kalenda yake imesahauliwa.

Kwa upande mwingine, si haki kuisifu kalenda hiyo bila ya kuitazama vizuri. Mwaka wa Nairuzi una siku 365 kamili, ilhali mwaka wa jua una robo ya siku zaidi. Kila miaka minne Nairuzi hurudi nyuma siku moja. Katika miaka 80 hurudi siku 20, yaani miongo miwili. Mwongo ambao babu aliutaja kuwa wa kutweka tanga, mjukuu akiufuata neno kwa neno, atatweka mapema mno. Ndiyo sababu wenye ujuzi hawakutegemea hesabu peke yake: waliipima kwa upepo wenyewe, kwa umande wa alfajiri, na kwa nyota. Elimu iliyorithiwa ilikuwa na watu wa kuisahihisha, na mtu aliyeikariri tu bila ya kuitazama mbingu hakuhesabiwa kuwa mjuzi.

Miongoni mwa nyota hizo, Kilimia ndicho kinachostahili kukumbukwa na wanaisimu. Ni kundi dogo la nyota lililosongamana, ambalo hutoweka machoni magharibi wakati wa masika na kuonekana tena mashariki alfajiri, katika mwezi wa Juni, baada ya siku 40 hivi. Jina limetokana na kitenzi kulima, katika hali yake ya kutendea. Jina la asili hiyo hiyo, isilimela, liko katika Kixhosa na Kizulu, kusini kabisa mwa Afrika. Haielekei kwamba watu waliotengana kwa umbali huo waliambukizana neno hivi juzi. Yumkini wazee wa lugha za Kibantu walikwisha kuiunganisha nyota na jembe zamani sana, kabla ya shule yoyote kujengwa.

Je, elimu ya namna hii ina uzito gani leo? Mfano mmoja kutoka ng’ambo ya bahari hii hii unaweza kujibu. Katika kisiwa cha Simeulue, karibu na Sumatra nchini Indonesia, kuna neno smong. Lilibaki baada ya wimbi kuu la mwaka 1907, nalo lilipokezwa kwa watoto katika hadithi na nyimbo: ardhi ikitetemeka na bahari ikatoka ghafla, kimbilia mlimani. Tarehe 26 Desemba 2004 ardhi ilitetemeka, neno likapigiwa kelele, na watu wakakimbia. Katika kisiwa chenye watu wapatao 78,000 walikufa saba, ilhali katika pwani ya Aceh, isiyo mbali, waliangamia maelfu kwa maelfu. Wimbi hilo lilifika Kenya siku ile ile, likiwa limepungua nguvu, na likaua mtu mmoja sehemu za Malindi. Mwezi ulikuwa mpevu, na maji yalikuwa yamepwa, jambo lililopunguza madhara. Aliyezijua saa za bamvua alikuwa na kipimo cha kutambua kwamba maji yanayopanda na kushuka mara kadhaa katika adhuhuri moja hayafuati mwezi.

Serikali haikulinyamazia suala hili. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 11, inautambua mchango wa sayansi na teknolojia za kiasili. Na mwaka 2016 ilipitishwa sheria ya kulinda maarifa ya jadi. Tatizo liko darasani. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kujaribiwa mwaka 2017, umeyapa nafasi maarifa ya jamii, lakini aghalabu nafasi hiyo huwa katika utamaduni, pamoja na ngoma, mavazi na vyungu. Sayansi hubaki chumba cha pili, na hufundishwa kwa Kiingereza tangu darasa la nne. Matokeo yake ni kwamba mtoto anayeweza kutaja saa ya kupwa kwa maji kesho kutwa hushindwa swali la mtihani juu ya maji hayo hayo, kwa kuwa hajui kwa Kiingereza bamvua ni nini. Naye mwalimu aliyetoka bara humhesabu kuwa mzito. Hata majedwali ya maji yanayotolewa kwa ajili ya bandari hutumia saa za kuhesabiwa tangu usiku wa manane, ambazo mvuvi hana budi kuzipunguzia sita kabla ya kuzielewa.

Haihitajiki mitambo kuyaleta mambo haya pamoja. Kijiti kirefu kilichotiwa alama kwa kila shubiri kinaweza kusimamishwa katika hori iliyo karibu na shule, na wanafunzi wakaandika kila siku, kwa siku 29, maji yamefika alama gani na saa ngapi, na mwezi ulionekanaje usiku uliopita. Safu moja ya jedwali iandikwe kwa maneno ya kitabu, na ya pili kwa maneno ya wazee wa mtaa. Siku ya nane au ya tisa, maji yatakapoishia chini ya alama ya juzi, wanafunzi watakuwa na maji mafu mbele ya macho yao, na mzee wa kuulizwa sababu huenda yuko pale pale ufuoni akishona wavu.