Ruzuku ya miaka mitano, uzee wa miaka thelathini

Wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, kuna kipimo cha kumbukumbu ambacho mzee anaweza kufanyiwa akiwa amekaa kwenye kigoda chake, uani kwake. Anatajiwa maneno kumi ayashike. Anaulizwa leo ni siku gani, kiongozi wa eneo lake ni nani, na daraja ni kitu gani. Anapewa dakika moja ataje wanyama wote wanaomjia kichwani. Kisha mpimaji anapanga njiti za kiberiti kwa umbo fulani na kumwomba naye apange vilevile. Mwishoni anaulizwa: yale maneno kumi, yamebaki mangapi?

Njiti hizo zina sababu yake. Kipimo kilichozoeleka hospitalini tangu miaka ya 1970 kinamtaka mzee achore pembetano mbili zilizopishana, na ahesabu kurudi nyuma kutoka 100 kwa kutoa saba saba. Bibi wa miaka 75 ambaye hakuwahi kushika penseli atashindwa palepale, aandikwe mgonjwa wa akili ilhali anajua kila mwenye deni lake sokoni. Watafiti wa Moshi na wenzao wa Uingereza na Nigeria wakatengeneza kipimo kinachomfaa mtu wa aina hiyo, wakakiita IDEA. Kabla ya hapo walikuwa wamewapitia watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea katika vijiji vya Hai. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013: asilimia 6.4 walikuwa na demensia, ule ugonjwa wa kusahau ambao wengi wetu bado tunauita "uzee tu".

Nani alilipa? Fedha za IDEA zilitoka Grand Challenges Canada. Ndizo pia zilizolipia tiba ya vikundi, vikao 14 kwa wiki saba, ambamo wazee huchangamshwa akili kwa mazungumzo, nyimbo na michezo wanayoijua, bila hata kidonge kimoja. Iliwasaidia wazee, ikawapunguzia mzigo wanaowauguza. Naitaja Kanada bila kinyongo chochote. Lakini mtu akitaka kujua kwa nini tunajua jambo moja kuhusu wazee wetu na hatujui jingine, aanze kwa kuuliza hundi ilitoka wapi.

Hundi kubwa kuliko zote hutoka Marekani. Mwaka 1974 Rais Richard Nixon alitia saini sheria iliyozaa NIA, taasisi ya taifa hilo ya utafiti wa uzee. Katika miaka ya karibuni bajeti yake imevuka dola bilioni 4 kwa mwaka, na fungu nono huenda kwenye ugonjwa wa Alzheimer. Fedha hizo zilifika Afrika mapema, kwa sababu Wamarekani walikuwa na swali lao. Katika miaka ya 1990 NIA ilifadhili utafiti uliowalinganisha Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis. Matokeo ya mwaka 2001 yaliwashtua wengi: kila mwaka wagonjwa wapya wa Alzheimer walikuwa asilimia 1.15 Ibadan na 2.52 Indianapolis. Watu wenye asili moja, mazingira tofauti, hatari tofauti. Swali lilikuwa la Indianapolis, ila Ibadan nayo ikapata kujijua. Biashara ya namna hiyo mimi naiona halali kabisa.

Hata huko kwenye fedha nyingi, yapo maswali yasiyopata mlipaji. Metformini tunaifahamu, kila mwenye kisukari anaijua, na duka la dawa lolote la mtaani linayo. Nir Barzilai na wenzake wa Marekani wanataka kuipima kama inachelewesha magonjwa ya uzeeni kwa ujumla wake: watu wapatao 3,000 wa miaka 65 hadi 79, kwa takriban miaka sita. Jaribio hilo, TAME, limekuwa likitafuta fedha tangu katikati ya muongo uliopita. Dawa ni ya bei poa na hataza yake imekwisha, hivyo hakuna kampuni itakayotajirika nayo. Upande wa pili, kampuni ya Altos Labs ilifunguliwa mwaka 2022 ikiwa na dola bilioni 3, ikifukuzia namna ya kuzirudisha seli ujanani. Matajiri nao hubadili mawazo. Larry Ellison wa Oracle alifadhili wanasayansi wa uzee tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, kisha mwaka 2013 mfuko wake ukaacha kutoa ruzuku hizo. Aliyekuwa katikati ya jaribio akatafute pengine.

Na uzee haufanyiwi utafiti kwa picha moja. Inabidi umrudie mtu yuleyule, miaka inapita, uone nani alianguka, nani alipoteza macho, nani aliachiwa wajukuu. Huko Agincourt, mashambani kaskazini-mashariki mwa Afrika Kusini, utafiti wa HAALSI ulianza mwaka 2014 kwa fedha za NIA na kuandikisha watu 5,059 wenye miaka 40 na kuendelea. Karibu robo yao walikutwa na virusi vya UKIMWI. Takwimu nyingi za VVU zilizotangulia zilikuwa zikikomea miaka 49, kana kwamba mtu akifika 50 mwili wake unastaafu. Dawa za kufubaza virusi zilikuwa zimewafikisha wagonjwa uzeeni, na karibu hakuna aliyekuwa akiwahesabu.

Kenya nayo ina wa kwake. Chuo Kikuu cha Aga Khan na Chuo Kikuu cha Michigan waliandaa utafiti wa muda mrefu wa afya na uzee uitwao LOSHAK, nao kwa msaada wa NIA, na majaribio yake yakafika Kaloleni na Rabai, kaunti ya Kilifi. Msomaji wa Pwani ataelewa uzito wake bila kuelezwa sana. Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Babu anayetoka nje usiku wa manane, asiyemtambua mkwewe, anayezungumza na watu wasioonekana, anaweza kuwa mgonjwa wa demensia. Kuwajua wagonjwa hao walipo kunaweza kuokoa shingo za watu.

Sasa tatizo. Ruzuku ya kawaida ya Marekani haizidi miaka mitano. Ikiisha unaandika andiko upya, unasubiri, unaachisha kazi wadadisi uliowafundisha, wanapata ajira kwingine. Hayo yamezoeleka. Lakini Mei 1, 2025, Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, ambazo NIA ni sehemu yake, zilitangaza kwamba hazitatoa wala kuhuisha ruzuku ambayo chuo cha Marekani kinakimegea chuo cha nje, hadi utaratibu mpya uwepo. Njia hiyo ndiyo iliyokuwa imepitisha fedha nyingi za utafiti kuja Afrika. Wamarekani wana haki ya kufunga mfuko wao. Aibu iko kwetu tulioufanya mfuko wa jirani kuwa bajeti.

Mwanafunzi ndiye anayeumia kimyakimya. Marekani, tangu mwaka 1994, upo mpango unaomlipa mwanafunzi wa udaktari akae likizo nzima na mtafiti wa uzee, ajue kazi ilivyo kabla hajachagua fani. Kwetu, wa shahada ya uzamili mara nyingi huchagua mada kwa kupapasa mfuko wake: mafaili ya wodi iliyo karibu na bweni, miezi mitatu, imekwisha. Nani atamlaumu? Kuwafuata wazee vijijini kunataka kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, posho ya mwenyekiti wa kitongoji, mafuta ya bodaboda, na subira ya mama mkwe anayekaribisha chai kabla ya dodoso.

Atatokea wa kuuliza: malaria ipo, watoto wanakufa, uzee wa nini? Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba wenye miaka 60 na zaidi Kusini mwa Sahara wataongezeka kutoka milioni 46 mwaka 2015 hadi milioni 157 mwaka 2050. Hao wote wameshazaliwa. Wengi sasa hivi wako makazini, wanakatwa kodi.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2013 inataka asilimia 2 ya pato la taifa iende kwenye mfuko wa taifa wa utafiti, kiwango ambacho hakijawahi kufikiwa. Tanzania tuna COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na mfuko wake. Si lazima tungoje asilimia zitimie. Ruzuku moja ya uzee ingetosha kuanzia, mradi iandikwe kwa namna nyingine: iahidi raundi tano kwa watu walewale, moja kila baada ya miaka mitatu, na kila raundi ikabidhiwe kwa mwanafunzi mmoja wa uzamivu. Wa kwanza angeanza mwakani. Wa tano, kwa hesabu hiyo, leo yuko shule ya msingi.